Kutenganisha Injini na Giaboksi Zilizoshikana: Kauli ya Kutendua Katika Kazi ya Gereji

Ikisiri

Injini na giaboksi ya gari kongwe la michezo huweza kukataa kuachana hata baada ya boliti zote kuonekana zimetolewa. Makala haya yanaeleza sababu tano za hali hiyo na jinsi ya kuikabili, yakitumia Subaru Impreza ya kizazi cha kwanza kuwa mfano. Hoja yetu kuu ni kwamba kila namna ya kushikana ina namna yake ya kuachana, na kwamba vitenzi vya kauli ya kutendua katika Kiswahili huzibainisha namna hizo kwa usahihi unaomfaa fundi aliye kazini.

1.0 Utangulizi

Wahenga walinena: ukiona vyaelea, vimeundwa. Aghalabu methali hii hutumiwa kutukumbusha kwamba nyuma ya kila kizuri kuna jasho la mtu. Katika makala haya tunaichukua kwa maana ya karibu zaidi. Kilichoundwa kimeunganishwa kwa namna fulani, na anayetaka kukitenganisha bila kukiharibu hana budi kuijua namna hiyo kwanza.

Wapo wasomi, na hata baadhi ya wanafunzi wenzetu, wanaoshikilia kwamba Kiswahili ni lugha ya ushairi, siasa na mahubiri, lakini si lugha ya mitambo. Watetezi wa Kiswahili kwa kawaida huwajibu kwa kuorodhesha istilahi: nomino moja baada ya nyingine, kila moja na tafsiri yake. Jibu hilo lina manufaa, ila halitoshi. Fundi hafanyi kazi kwa nomino pekee. Nomino za ufundi zaweza kukopwa, na zimekopwa: injini, giaboksi, klachi, beringi, spana, jeki. Kinachoelekeza mkono ni kitenzi, na kwa upande huo Kiswahili hakihitaji kukopa.

Suala hili lina uzito wake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo, vitabu vya urekebishaji wa magari vinavyotumiwa nchini ni vya Kiingereza, ilhali vijana wengi hujifunza ufundi gerejini kwa Kiswahili, wakiwa wameinama kando ya fundi mkuu. Kijana anayeambiwa tu "toa injini" hupewa amri isiyo na maelezo. Akikosea, gharama yake ni shafti iliyopinda, gamba la giaboksi lililopasuka, au vidole vyake mwenyewe.

2.0 Gari Lenyewe na Viungo Vyake

Subaru Impreza ilianza kuuzwa nchini Japani mwishoni mwa mwaka 1992, na umbo lake la kwanza likaendelea hadi mwaka 2000. Aina yake yenye turbo, iliyojulikana kama WRX, ilijijengea jina katika mashindano ya magari. Hapa Kenya jina hilo lina mizizi. Colin McRae alishinda Safari Rally akiendesha Impreza mwaka 1997, naye Richard Burns akashinda kwa Impreza mwaka 2000. Patrick Njiru, Mkenya, alikwisha kuipeperusha bendera ya Subaru katika mashindano hayo hayo miaka ya tisini. Si ajabu basi kwamba gari hili lingali na wapenzi wengi nchini. Kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka 8, Impreza za kizazi hicho zilizopo leo ni zile zilizofika zamani. Zote ni kongwe, na ukongwe ndio chanzo cha tatizo letu.

Injini ya WRX ina ukubwa wa sentimita za ujazo 1994, na silinda zake 4 zimelala kwa ubavu, mbili kila upande. Injini hiyo hukaa mbele kabisa ya gari, na giaboksi huifuata kwa nyuma. Kwa kuwa shafti za magurudumu ya mbele hutoka kwenye giaboksi, mafundi wengi huona ni rahisi kuiacha giaboksi mahali pake na kuivuta injini mbele kisha juu. Hapo ndipo mvutano huanza.

Ili kuufahamu mvutano huo, tuangalie jinsi viungo hivi viwili vinavyokutana. Nyuma ya injini hutokea ncha ya krenkishafti, yaani shafti kuu inayozungushwa na pistoni. Juu ya ncha hiyo hufungwa flaiwili, gurudumu zito la chuma. Juu ya flaiwili hufungwa presha pleti, na kati ya hizo mbili hubanwa klachi pleti. Kwa upande wake, giaboksi hutoa shafti ndefu ya kupokea nguvu. Shafti hii ina mifereji iliyochongwa kwa urefu. Hupenya kwenye tundu la katikati ya klachi pleti, lenye mifereji inayolingana na hiyo, kisha ncha yake hukaa ndani ya beringi ndogo iliyo katikati ya flaiwili. Mkutano huu wote hufunikwa na gamba la alumini lenye umbo la kengele, ambalo ni sehemu ya giaboksi. Tutaliita kengele.

Kengele hushikizwa kwenye injini kwa boliti na nati. Magari ya awali yana sehemu 4 za kushikizia, na yale yaliyotengenezwa kuelekea mwisho wa muongo huo yana 8. Pamoja na boliti hizo zipo pini mbili za chuma ambazo hazifungi chochote. Kazi yake ni kuelekeza, ili shafti ya giaboksi na krenkishafti ziwe kwenye mstari mmoja. Pini hizo ndogo, ambazo mtu asiyezijua hawezi kuziona, ndizo humtesa fundi kuliko boliti zote.

3.0 Kauli ya Kutendua na Swali la Fundi

Wanafunzi wa sarufi wanaifahamu kauli ya kutendua. Kitenzi hupokea kiambishi -u-, au -o- pale ambapo irabu ya mzizi ni o, nacho huja kutaja tendo linaloondoa matokeo ya tendo la awali. Funga huzaa fungua, nasa huzaa nasua, kwama huzaa kwamua, ganda huzaa gandua. Chomeka na chomoa nazo hutoka katika mzizi mmoja. Ni kweli kwamba kauli hii haizalishi maneno kwa uhuru kama kauli ya kutendea au ya kutendesha, na si kila kitenzi kinachoishia kwa -ua ni chake. Chukua na nunua havitendui kitu. Lakini pale inapopatikana, ina sifa moja inayostahili kuangaliwa: kila kitenzi chake hubeba ndani yake taarifa kuhusu jinsi jambo lilivyokuwa kabla.

Hatusemi kwamba tumenasua kitu ambacho hakikunaswa. Hatuwezi kugandua kisichoganda. Kwa hiyo anayechagua kitenzi cha kutendua amekwisha kujibu, pengine bila kujua, swali la jinsi kitu kilivyoshikwa. Kitenzi tenganisha hakina sifa hiyo. Hutaja matokeo tu: viwili vilikuwa pamoja, sasa viko mbalimbali. Ni kitenzi kizuri kwa kichwa cha makala, ila hakimsaidii mtu aliyeshika spana.

Injini isipoachana na giaboksi, sababu yake mara nyingi ni moja kati ya tano, na kila moja ina kitenzi chake. Pengine bado kuna kilichofungwa, kifunguliwe. Pengine kuna kilichonaswa, kinasuliwe. Pengine viungo vimekwama kwa kupinda, vikwamuliwe. Pengine vimegandishwa na kutu; vigandulie mahali vilipoganda. Au pengine shafti iliyochomekwa haijachomoka. Fundi anayejiuliza "nifungue, ninasue, nikwamue, nigandue au nichomoe?" amefika nusu ya safari.

4.0 Maandalizi na Usalama

Kabla ya yote, betri itenganishwe, waya wa hasi ukitangulia. Maji ya injini yamwagwe chomboni, na radieta itolewe pamoja na feni zake ili kupata nafasi ya kuisogeza injini mbele. Kipoza hewa cha turbo kilicho juu ya injini kiondolewe, kwani boliti za juu za kengele ziko chini yake. Mabomba ya petroli hubakiwa na msukumo hata injini ikiwa imezimwa, kwa hiyo yafunguliwe kwa uangalifu, mbali na cheche na sigara. Pampu ya usukani na kompresa ya kiyoyozi si lazima zikatwe mabomba. Zifunguliwe na kuwekwa kando zikiwa na mabomba yake. Bomba la moshi liachanishwe na turbo. Stata ifunguliwe. Nati mbili za chini zinazoishikilia injini juu ya kitako chake zitolewe, na vilevile ule mkono mfupi wa juu unaoizuia injini isitikisike mbele na nyuma.

Gari likae juu ya stendi za chuma kwenye sakafu ngumu, kamwe lisiachiwe jeki peke yake. Jeki iliyo chini ya giaboksi ni ya kuinulia na kushushia giaboksi tu. Injini ina uzito unaozidi kilo 100, hivyo ining'inizwe kwa cheni imara kwenye winchi, na mtu yeyote asikae chini yake. Vidole visiingizwe kwenye mwanya ulio kati ya injini na kengele kwa sababu yoyote ile. Mwanya huo huweza kufumba ghafla, na alumini haijui huruma.

5.0 Kusoma Mwanya

Baada ya maandalizi, fundi huivuta injini kidogo kwa mikono, bila mtaimbo na bila nyundo. Matokeo ya mvuto huu mdogo ndiyo maandishi anayopaswa kuyasoma. Sisi tuliozoea kusoma matini tunajua kwamba msomaji mwenye pupa huona kile alichokuja nacho. Hali ni iyo hiyo hapa. Mwanya usomwe ulivyo.

Ikiwa hakuna mwanya popote, kuna uwezekano wa aina mbili: boliti imesahaulika, au pini zote mbili zimeganda.

Ikiwa mwanya umefunguka upande mmoja tu, chini kwa mfano, tatizo liko upande wa pili. Huenda kuna boliti juu, au pini moja imeganda, au winchi imeiinua injini kwa pembe isiyofaa.

Ikiwa mwanya umefunguka sawasawa pande zote, kisha injini ikarudi nyuma kama iliyofungwa kwa mpira, kuna kilichonaswa ndani. Katika Impreza yenye turbo ishara ya kuthibitisha hilo iko wazi: mkono wa klachi unaochomoza kwenye kengele hucheza kila injini inapovutwa.

Ikiwa pini zimekwisha kutoka, nayo injini inasogea kwa ugumu kisha inasimama bila kurudi, basi shafti ndiyo inayoshikilia.

Na ikiwa gari zima linasogea pamoja na injini, fundi aache kuvuta mara moja. Nguvu yake sasa haiendi mahali anapodhani.

6.0 Namna Tano za Kuachanisha

6.1 Kufungua

Uchunguzi uanze na boliti, kwa sababu ndizo rahisi kusahauliwa na ndizo huleta hasara kubwa zikisahaulika. Miaka ishirini na zaidi ya matope na mafuta hufunika kichwa cha boliti kikafanana na sehemu ya gamba. Njia bora ni kusafisha mzunguko wote wa kengele kwa brashi, kisha kuhesabu matundu na kuhesabu boliti zilizo mezani. Hesabu mbili zisipolingana, kazi isiendelee. Ikumbukwe kwamba baadhi ya magari haya yamekwisha kubadilishwa injini, hivyo idadi ya boliti isichukuliwe kutoka kitabuni bali kutoka kwenye gari lenyewe.

Magari yenye giaboksi ya otomatiki yana kifungo cha ziada kisichoonekana kwa nje. Badala ya klachi yana konveta, chombo cha mviringo kilichojaa mafuta, kilichofungwa kwa boliti 4 kwenye bamba la nyuma ya injini. Boliti hizo hufikiwa kupitia tundu lililo juu ya kengele, lililozibwa kwa kizibo cha mpira. Fundi huzungusha krenkishafti kwa soketi ya milimita 22 upande wa mbele wa injini mpaka kila boliti ijitokeze tunduni kwa zamu. Zikisahaulika, injini itaondoka na konveta, mafuta yamwagike sakafuni, na pampu iliyo ndani ya giaboksi iwe hatarini.

6.2 Kunasua

Katika magari mengi, beringi ya kuachilia klachi husukuma tu vidole vya presha pleti. Haijashikana navyo, kwa hiyo injini ikiondoka, beringi hubaki na giaboksi bila ubishi. Impreza yenye turbo ina mpango tofauti: klachi yake huvutwa badala ya kusukumwa. Ili kuvuta, beringi sharti iwe imenaswa ndani ya presha pleti kwa pete ya chuma, na uma wa klachi uwe nyuma yake ukiivuta. Kwa hiyo hata boliti zote zikitolewa, injini bado imeshikana na giaboksi kupitia presha pleti, beringi na uma.

Hapa ndipo wanaotumia nguvu huharibu zaidi, kwa kuwa mwanya unaofunguka na kufumba huwapa matumaini. Kumbe dawa yake haihitaji nguvu. Pampu ndogo ya klachi iliyo juu ya kengele hufunguliwa na kuwekwa kando. Kizibo kilicho ubavuni mwa kengele hufunguliwa kwa ufunguo wa pembe sita wa milimita 10. Nyuma ya kizibo kuna kishafti kinachoushikilia uma. Boliti nyembamba ya milimita 6 husokotwa kwenye ncha yake, kisha kishafti huvutwa nje. Uma ukiwa huru, husogezwa hadi uachane na beringi. Injini sasa itaondoka na beringi yake, na kinachobaki ni kuiondoa mezani kwa utulivu. Impreza zisizo na turbo zina klachi ya kusukuma na hazina fumbo hili. Ndiyo maana fundi aliyezoea hizo huweza kushangazwa na WRX.

6.3 Kukwamua

Kitu hukwama si kwa sababu kimefungwa, bali kwa sababu kimepoteza mstari wake. Kitakozi cha meza ya zamani huonyesha jambo hili vizuri: droo ikivutwa kwa pembe moja hugoma, ikivutwa sawasawa hutoka. Injini inapoinuliwa na winchi huku giaboksi ikilala kwa uzito wake, pini hupinda ndani ya matundu na shafti huelemewa.

Fundi aweke jeki chini ya giaboksi, na kipande cha ubao kati yake na chuma, kisha aiinue au kuishusha giaboksi kidogo kidogo huku akitazama mwanya. Lengo ni mwanya wenye upana ule ule juu, chini, kushoto na kulia. Wakati mwingine nusu sentimita ya jeki hufanya kazi ambayo watu watatu wameshindwa kuifanya. Boliti mbili ndefu zilizokatwa vichwa zikisokotwa kwenye matundu yanayofaa zitakuwa reli za kuiongoza injini, ili uzito wake usiangukie shafti.

6.4 Kugandua

Mwili wa injini ni wa alumini, kengele ni ya alumini, pini ni za chuma. Metali mbili tofauti zikigusana penye unyevu, hasa unyevu wenye chumvi, alumini huliwa na kutoa unga mweupe. Unga huo huchukua nafasi kubwa kuliko alumini iliyoliwa, kwa hiyo huibana pini kama kabari. Gari lililokaa miaka Mombasa katika hewa ya bahari, au lililotumiwa kwanza katika sehemu za kaskazini mwa Japani ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, huweza kuwa na pini zilizoganda kabisa.

Dawa ya kwanza ni mafuta ya kulegeza kutu pamoja na subira. Mafuta hupuliziwa kwenye mshono karibu na pini na kuachwa usiku kucha, kisha hurudiwa asubuhi. Dawa ya pili ni joto la wastani. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma: kwa kila ongezeko la nyuzi 100 za Selisiasi, kipande cha mita moja cha alumini hurefuka kwa takriban milimita 2.3, na cha chuma kwa takriban milimita 1.2. Kwa hiyo kengele ikipashwa moto kuzunguka pini, tundu hupanuka kuliko pini. Joto hilo litolewe kwa mashine ya kupulizia hewa moto au kwa maji ya moto, kamwe si kwa moto wa gesi, maana pana mafuta na mvuke wa petroli.

Dawa ya tatu ni kabari. Kabari mbili za mbao ngumu au za plastiki hupigwa kwa upole katika pande zinazoelekeana, kwa zamu, milimita moja huku na milimita moja kule. Bisibisi isitumbukizwe kwenye mshono, kwa sababu alumini ni laini na kila kovu litakuwa kizuizi wakati wa kuunganisha. Mtaimbo ukihitajika, uegemee penye nyama nene ya gamba, wala si kwenye masikio yanayobeba boliti.

6.5 Kuchomoa

Hatua ya mwisho ni ya shafti. Kutu huweza kuishikamanisha mifereji ya shafti na ya klachi pleti, hasa gari likiwa limesimama muda mrefu bila kuendeshwa. Beringi ndogo iliyo ndani ya flaiwili nayo huweza kushika ncha ya shafti. Tiba yake ni mwendo. Giaboksi huwekwa kwenye gia, na msaidizi huizungusha krenkishafti kwa soketi mbele na nyuma, pole pole, huku injini ikivutwa sawasawa. Msuguano huo mdogo huivunja kutu.

Kuchomoa hutaka mstari ulionyooka. Upanga huchomolewa alani kwa mwelekeo ule ule uliouingiza. Ukipindishwa, ala hupasuka. Injini isishushwe wala kuinuliwa hadi shafti yote iwe imetoka nje ya klachi pleti.

7.0 Gharama ya Kung'oa

Kimebaki kitenzi kimoja ambacho tumekiepuka: ng'oa. Kwa umbo kinafanana na chomoa, lakini katika matumizi ya leo hakina kitenzi cha kuunganisha kinachosimama nyuma yake. Tunang'oa jino, tunang'oa mti. Katika kung'oa hatuulizi kitu kilishikwa vipi. Tunauliza tu kama nguvu zetu zinatosha. Na kilichong'olewa kwa kawaida hakirudi mahali pake.

Injini iliyong'olewa huacha ushahidi. Sikio la kengele lililopasuka kwa ajili ya boliti moja haliungwi kirahisi, kwani kuchomelea alumini ni kazi ya mtaalamu. Shafti iliyobeba uzito wa injini huweza kupinda kiasi kisichoonekana kwa macho, ikaharibu beringi na mafuta yakaanza kuvuja. Vidole vya presha pleti vilivyovutwa kwa winchi havitalingana tena, nayo klachi itatetemeka kila gari linapoondoka. Mwenye gari atazunguka maduka ya vipuri ya Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, akitafuta giaboksi ya gari ambalo halitengenezwi tena, na kila mwaka unaopita hupunguza zilizobaki.

8.0 Baada ya Kuachana

Kazi haiishii injini inapokuwa hewani. Pini zisuguliwe hadi ziwe laini na kupakwa grisi nyepesi ili atakayekuja baadaye asiteseke. Matundu yake yasafishwe. Mifereji ya shafti ipakwe grisi kidogo sana, kwa kuwa grisi iliyozidi huruka na kuilowesha klachi pleti. Beringi ya kuachilia klachi, beringi ndogo ya flaiwili na sili ya nyuma ya krenkishafti zikaguliwe, maana ni nafuu kuzibadilisha sasa kuliko kuifanya kazi yote tena.

Wakati wa kuunganisha, sheria ni ile ile ikiwa imegeuzwa. Kengele na injini zifumbe kwa mkono hadi mshono uwe hauna mwanya, ndipo boliti zikazwe. Anayetumia boliti kuvivuta viungo pamoja huweza kupasua masikio ya gamba. Konveta nayo isukumwe ndani ya giaboksi huku ikizungushwa mpaka ikae kabisa mahali pake kabla injini haijarudishwa. Mwanya unaokataa kufumba una habari kama ule uliokataa kufunguka.

9.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba injini na giaboksi hushikana kwa namna tano kuu, na kwamba kila namna ina dalili yake katika mwanya na dawa yake mkononi. Tumeonyesha pia kwamba Kiswahili kina kitenzi mahsusi kwa kila dawa. Hatudai kwamba vitenzi hivi vilibuniwa kwa ajili ya magari. Vilikuwapo kwa ajili ya milango, mitego, mashua, nta na panga. Lakini mashine mpya hushikana kwa njia za kale, na kwa hiyo vitenzi vya kale huitosha.

Kwa walimu na wanafunzi wa Kiswahili, pendekezo letu ni kwamba uundaji wa istilahi uandamane na utafiti wa vitenzi vinavyotumiwa na mafundi, na kwamba kauli za vitenzi zifundishwe kwa mifano ya kazi za mikono pamoja na ile ya vitabuni. Kwa fundi, pendekezo ni fupi zaidi. Kabla ya kushika mtaimbo, taja kitenzi. Ukikosa cha kutaja, bado hujajua kinachoshikilia, na injini inaweza kusubiri hadi kesho.